Ufundi wa Kumuua Adric

Jioni ya tarehe 16 Machi 1982, kipindi cha Doctor Who kilimalizika kwenye BBC1 bila muziki wake. Watazamaji wa Uingereza walikuwa wameuzoea tangu 1963. Safari hii majina ya waigizaji yalipita kimya kimya juu ya picha ya beji iliyovunjika. Mwenye beji, kijana Adric, alikuwa amekufa.

Kuua mhusika si kazi. Kila mwenye kalamu anaweza. Kazi ni kumuua akafa kweli, hasa katika hadithi za kisayansi, ambamo marehemu haishiwi njia za kurudi: mashine ya kusafiri katika wakati, nakala ya mwili, kumbukumbu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta. Eric Saward, aliyeitunga “Earthshock”, hadithi ya kifo hicho, alizijua njia hizo na akaziziba.

Kwanza hakumpamba mtu wake. Adric, aliyeigizwa na Matthew Waterhouse tangu 1980, alikuwa bingwa wa hisabati, mbishi, mwenye kujiona, na watazamaji wengi hawakumpenda. Mtunzi wa siku hizi angemlainisha ghafla, ampe mchumba, nasi tungejua sanda imeshakatwa. Saward alimwachia ubishi wake. Hadithi inaanza kwa ugomvi: kijana anataka kurudi kwao, na Daktari, mwenye chombo cha kusafiri katika wakati anachosafiri nacho Adric, anakasirika. Baadaye wanapatana, kidogo tu, kama watu wa nyumba moja.

Kisha inakuja meli ya mizigo. Cybermen, maadui walio nusu mtu nusu mashine, wameielekeza iigonge Dunia, na mitambo yake wameifunga kwa mafumbo ya kimantiki. Adric anayafumbua baadhi, na meli inatumbukia nyuma katika wakati, miaka milioni 65. Wenzake wanaingia kwenye chombo cha kujiokolea, naye anachomoka mlango ukifungwa. Hotuba ya kishujaa hana. Anadhani amepata jibu, basi. Kabla hajalijaribu, Cyberman anayekata roho anailipua kibodi. Kijana anabaki ameushika mkanda wa marehemu kaka yake, akisikitika kwamba hatajua kamwe kama alikuwa sahihi.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia Saward. Miaka miwili tu kabla, Luis Alvarez na mwanawe Walter walikuwa wametangaza nadharia kwamba dinosaria waliangamizwa na jiwe kubwa kutoka angani. Katika hadithi hii jiwe hilo ndiyo meli yenyewe. Adric angefaulu, sisi tusingekuwapo. Mwanahisabati anakufa bila kuambiwa kwamba kushindwa kwake ndiko kulikotupa nafasi. Na ile beji, tuzo yake ya hisabati, Daktari ameshaisaga kifuani mwa kiongozi wa Cybermen, kwa kuwa dhahabu ni sumu kwao.

Peter Grimwade, aliyekiongoza kifo hicho, ndiye aliyeandika hadithi iliyofuata. Humo Tegan, mwenzao wa safari, anamsihi Daktari arudi nyuma akamwokoe kijana. Anakataa kwa ukali: zipo sheria zisizovunjwa hata na mwenye chombo kama chake. (Matanga yenyewe yalikuwa mafupi mno, muda si muda wanazungumzia matembezi.) Sura ya Adric ilionekana tena kwenye runinga kama mazigazi, lakini yeye hakurudi.

Leo nani anakataa kumrudisha marehemu? Mwaka 2015, katika Doctor Who hiyohiyo, Clara Oswald, msafiri mwenza wa Daktari, alikufa tarehe 21 Novemba. Tarehe 5 Desemba alichomolewa katikati ya mapigo ya moyo wake, akaenda zake kuzurura ulimwenguni. Rory, msafiri mwenza mwingine, alikufa mara nyingi hata vifo vyake vikawa mzaha. Mwaka 2020 Jean-Luc Picard, shujaa wa tamthilia nyingine ya anga za juu, alikata roho na kuamka katika mwili wa bandia ndani ya kipindi kimoja, machozi ya watazamaji hayajakauka. Wametutoa machozi bure, na sasa mhusika akianguka tunasubiri tu tuone atarudi kwa njia gani.

Enyi mnaoandika tamthilia hizi, mkiamua kuua, ueni. Kama mhusika mnamhitaji bado, mwacheni aishi.