Miwani na kofia ngumu: ugomvi wa mapanjani

Kofia ngumu yangu ya kwanza ya kufunika uso mzima ilinikaa vizuri sana dukani. Niliivaa, nikatikisa kichwa kulia na kushoto, haikucheza, nikalipa. Miwani ilikuwa mfukoni mwa shati. Nikaja kuivaa wakati wa kuondoka Posta, Dar es Salaam. Nilipofika Morocco kichwa kilikuwa kinapwita, na Mwenge ikabidi niegeshe pikipiki pembeni, nivue vyote viwili, nianze kukanda mapanja kwa vidole. Konda mmoja aliyekuwa anaita abiria alinitazama, akanishauri nikalale kwanza, pombe na pikipiki haviendi pamoja.

Sikuwa nimeonja hata togwa. Kilichonipata kinatambulika kwa madaktari: katika orodha ya kimataifa ya aina za maumivu ya kichwa ipo aina inayotokana na kubanwa kwa nje tu, na kofia ngumu na miwani ya kuogelea vimetajwa humo kama mifano. Dalili yake mojawapo ni kwamba ukiondoa kinachobana, maumivu hupotea ndani ya saa moja. Yangu yalipotea kabla sijamaliza soda.

Siku ya pili nilirudi dukani. Muuzaji alikuwa na dawa tayari. "Kaka, chukua XL. Itapwaya kidogo, lakini miwani itaingia bila shida." Ushauri huu nimeusikia tangu hapo katika maduka mengi, na vijiweni pia, kutoka kwa watu wanaoendesha kutwa nzima. Una sura ya akili. Ndio ulionifanya nichunguze kofia inafanya kazi vipi, kwa sababu nilitaka kujua nikiongeza namba nakuwa nimepoteza nini.

Kofia ngumu ya maana ina matabaka matatu. Nje kuna ganda, la plastiki au la nyuzi za kioo. Ndani kabisa kuna sponji laini iliyovikwa kitambaa, ile inayonuka jasho baada ya miezi miwili. Katikati ya hayo ndiko kulikofichwa mali yenyewe: povu gumu jeupe, ndugu ya lile linalokuja kwenye boksi la televisheni. Mwaka 1953 Wamarekani wawili, Herman Roth na Charles Lombard wa Chuo Kikuu cha Southern California, walipata hataza ya kofia yenye tabaka la ndani linalokubali kupondeka. Kabla ya hapo watu walidhani kazi ya kofia ni kuwa ngumu. Roth na Lombard waliona kwamba kichwa kinapogonga lami, kinachookoa ubongo ni kule kupunguza mwendo wake taratibu, na povu linalopondeka linaununulia ubongo sehemu ndogo ya sekunde ya kusimama. Povu hilo hufanya kazi mara moja. Likishapondeka halirudi, ndiyo maana kofia iliyoanguka na mtu haivaliwi tena hata kama ganda halina mkwaruzo.

Sasa rudi kwenye XL. Povu linamlinda mtu aliye ndani yake, siyo aliye jirani yake. Kofia inayopwaya inaacha nafasi, na kichwa hupita katika nafasi hiyo kwa kasi ileile kabla ya kulikuta povu. Baya zaidi, kofia kubwa huzunguka. Jaribu nyumbani: funga kamba ya kidevu, kisha mwambie mtu aliye nyuma yako aishike kofia kwenye ukingo wa kisogoni na kuisukuma kwenda juu na mbele. Ikipanda hadi ukingo wa nyuma ukapita kisogo, ujue siku ya ajali itakutangulia kufika chini. Uchunguzi uliounganisha tafiti nyingi, uliotolewa na mtandao wa watafiti wa Cochrane mwaka 2008, ulikuta kofia ngumu hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42 na ya jeraha la kichwa kwa asilimia 69. Faida hiyo ni ya kofia iliyobaki kichwani.

Kwa hiyo namba haiguswi. Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha kichwa juu kidogo ya nyusi na masikio, upitie sehemu ya kisogo iliyochomoza. Mimi ni sentimita 58, ambayo kwa watengenezaji wengi ni M. Nilikuwa nimenunua M. Namba ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Kosa lilikuwa mahali pengine, na mahali penyewe ni padogo mno.

Weka kidole chako kwenye panja, kisha kiburute hadi juu ya sikio. Hapo tu. Mkono wa miwani unapita juu ya mfupa uliofunikwa na ngozi nyembamba tu, na juu yake sponji ya kofia inasukuma. Miwani ikiwa peke yake, mkono unakaa kwa uzito wake mdogo. Ikiwa ndani ya kofia, shinikizo lote la sponji ya upande ule linabebwa na ukanda mwembamba kama kijiti. Ni mambo ya eneo na kanieneo tuliyosoma sekondari, fizikia ileile ya kisigino chembamba cha kiatu kinachozama kwenye mchanga wakati kandambili zinapita juu.

Dawa basi ni mbili tu: kuipa sponji nafasi pale mkono unapopita, au kuufanya mkono wenyewe usiwe kero. Mimi nilifanya zote, na ninaamini wengi tunakosea kwa sababu tunanunua miwani kwa fundi miwani na kofia kwa muuza kofia, kila kimoja kama vile kingine hakipo.

Tuanze na sponji. Watengenezaji wanaolijua tatizo hili hukata mfereji mdogo kwenye sponji ya shavuni, kuanzia usawa wa jicho kwenda sikioni. HJC wanaukata. Shark wanauita mpango wao EasyFit. Arai, katika baadhi ya kofia zao, wameweka kwenye mapanja tabaka la milimita 5 linalobanduka, ukiona panabana unalitoa. Mfereji huu hauonekani ukiitazama kofia rafuni. Lazima uingize mkono. Geuza kofia, tafuta kwa kidole gumba pale sponji ya shavu inapokutana na sponji ya juu. Kama mshono umeingia ndani na kidole kinateleza kwenda nyuma bila kizuizi, mfereji upo. Kidole kikigota kwenye sponji iliyojaa, haupo. Kipimo cha pili: vaa kofia bila miwani, kisha sukuma penseli kando ya panja, juu ya sikio. Ikipita bila kuukunja uso, mkono wa miwani utapita.

Kama kofia uliyonayo haina mfereji, usiitupe. Sponji nyingi za shavuni zimeshikwa kwa vifungo vya kubonyeza. Zitoe, ziangalie kwa nyuma, na uone sponji yenyewe inaishia wapi. Niliminya sehemu ya juu ya sponji zangu kwa mpini wa kijiko, nikafunga kwa raba usiku kucha, na asubuhi kulikuwa na bonde. Lilihitaji kurudiwa mara mbili tatu. Lakini kisu kisiguse povu jeupe. Nimeona kijana mmoja amelichonga kwa wembe ili miwani iingie, na anajivunia. Amekata hapohapo panjani, ambapo mfupa wa fuvu ni mwembamba.

Kisha miwani. Ndani ya mkono wa fremu yako kuna maandishi madogo, pengine utahitaji miwani nyingine kuyasoma. Yangu ya zamani ilikuwa 52, 18, 140: upana wa lenzi, daraja la puani, na urefu wa mkono, vyote kwa milimita. Kinachokuhusu hapa ni ile 140 na jinsi inavyoishia. Mkono mwingi hupinda nyuma ya sikio kama ndoana. Ndani ya kofia ndoana hiyo inagoma kuingia, na ikishaingia inagoma kutoka. Nilimpelekea fundi miwani, akaipasha moto ile plastiki, akaipunguza mkunjo hadi ikawa karibu kunyooka. Kofia ndiyo inayoishikilia sasa, haihitaji ndoana. Baadaye nilinunua fremu ya pili kwa ajili ya pikipiki tu, ya chuma chembamba, mikono yake bapa na myembamba. Mikono minene ya plastiki iliyo kwenye mtindo siku hizi inampendeza mtu akiwa mgahawani. Kuna na hili ambalo wengi hawalifikirii: kanuni za Marekani zinataka kofia ikuachie nyuzi 105 za kuona kila upande kutoka katikati ya uso. Ukivaa fremu yenye mikono mipana kama rula umejijengea ukuta palepale ambapo bajaji inatokea.

Lenzi ziwe za plastiki, za polikaboneti ukiweza, kwa kuwa zinavumilia kugongwa. Kioo halisi karibu na jicho, kwenye pikipiki, hapana.

Wanaovaa lenzi za ngazi, zile zenye mbali juu na kusomea chini, wana shida yao ambayo muuza kofia hawezi kuijua. Sponji ya shavu ikiisukuma miwani juu hata milimita chache, unajikuta unaitazama barabara kupitia sehemu ya kusomea. Mabango yanakuwa na ukungu na unadhani macho yamezidi kuharibika. Kwa hiyo ukishavaa vyote, soma namba ya gari lililo mbali. Usipoisoma kama kawaida yako, sponji imeinyanyua miwani.

Na lenzi zinazojitia giza juani? Zinahitaji mionzi ya urujuanimno ili zibadilike, na kioo cha kofia cha polikaboneti huizuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo. Zitabaki nyeupe jua la saa saba mchana. Kile kioo cheusi cha ndani kinachoshushwa kwa kitufe kinaweza kusaidia, ila kishushe dukani ukiwa na miwani. Katika kofia moja niliyojaribu kiligonga fremu na kuishusha puani.

Kuhusu aina ya kofia, nitasema wazi ninachopendelea: ile inayofunguka kidevuni. Unainyanyua sehemu ya mbele, unavaa miwani, unaishusha. Ya uso mzima inakulazimisha kuvaa kofia kwanza, kisha kupenyeza miwani kupitia dirisha, na kuvua kwa mpangilio wa kinyume. Ukisahau ukavua kofia kwanza, miwani inabaki imening'inia sikio moja. Inayofunguka huwa nzito kidogo. Ila soma lebo iliyoshonwa kwenye kamba ya kidevu au ndani. Chini ya kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 22 utaona E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoidhinisha, E1 kwa Ujerumani, E3 kwa Italia, kisha herufi. P maana yake sehemu ya kidevu imepimwa na inakinga. J ni kofia isiyo na kinga ya kidevu. P/J ni ile inayofunguka iliyopimwa kwa hali zote mbili. Ukikuta NP, ile sehemu ya kidevu ni pambo. Zile nusu kofia zinazovaliwa na bodaboda wengi hazigombani na miwani hata kidogo, kwa sababu hazigusi panja. Wala hazigusi taya.

Dar es Salaam ukungu wa kwenye lenzi ni jambo la msimu wa mvua. Nenda Mbeya mwezi wa saba, saa kumi na mbili asubuhi, ndipo utakapojua. Pumzi inatoka na joto na mvuke, inakutana na lenzi baridi, mvuke unageuka vitone vidogo vya maji juu yake. Watu hununua kile kioo cha pili kinachobandikwa ndani ya kioo cha kofia, maarufu kwa jina la Pinlock, kinachoacha hewa katikati kama dirisha la vioo viwili. Kinafanya kazi vizuri sana kwa kioo cha kofia. Miwani haimo. Unabaki na dirisha safi mbele na lenzi zenye ukungu nyuma yake.

Kwa miwani, sabuni ya kuoshea vyombo ndiyo iliyonisaidia: tone moja kila lenzi, sambaza kwa kidole, futa kwa kitambaa laini mpaka usiione. Linabaki tabaka jembamba linalofanya maji yatandazike badala ya kujikusanya vitone. Inadumu safari moja, mbili ukibahatika. Ongeza kipande cha kinga ya puani kinachoelekeza pumzi chini, na uache kioo wazi kwa notchi moja hadi pikipiki ishike mwendo. Kwenye foleni fungua chote.

Kofia ninayovaa sasa ni M, inafunguka, ina P/J na ina mfereji. Niliipata duka la tano. Katika yale manne ya kwanza niliomba kukaa na kofia kichwani dakika 30, nikiwa na miwani na kamba imefungwa, kwa sababu maumivu ya panja hayatokei dakika mbili za mbele ya kioo. Wawili walikataa. Ukikutana na muuzaji wa namna hiyo, mwachie kofia yake uende duka la pili.