Tazama Pango, Usitazame Injini

Injini inapotolewa kwenye gari uani kwa mtu, mtaa mzima husogea kutazama. Mnyororo unalia, chuma kilicholowa oili kinapanda polepole, na kila jicho linakifuata juu. Anayetaka kujua kama kazi hiyo imefanywa vizuri anapaswa kuachana na kile kinachoning'inia na kuinama kuchungulia pango lililobaki tupu chini ya boneti. Huko ndiko ufundi unakoonekana: jinsi waya zilivyolazwa, mabomba yalivyozibwa, boliti zilivyobaki na pembe zake sita. Hoja yangu ni kwamba kutoa injini ni nusu ya kwanza ya kazi ya kuirudisha, na njia ya haki ya kuihukumu kazi hiyo ni kuuliza swali moja tu: je, mtu mwingine, ambaye hakuwepo leo, anaweza kuirudisha injini hii bila kubahatisha?

Tuchukue gari linalojulikana na kila gereji bubu: Toyota IST ya toleo la kwanza, iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2007, au Probox ya umri huohuo, yenye injini ya 1NZ-FE ya sentimita za ujazo 1,497. Ni injini ndogo yenye silinda nne, imelazwa kwa upana wa gari, na bloku yake ni ya alumini, sawa na silinda hedi. Hutolewa kwa sababu zilezile kila mahali: imekula oili hadi ikachoka, au imechemka mpaka hedi ikapinda, au mwenye gari ameamua kununua nyingine ya mtumba iliyotoka Japani. Mambo mawili kuhusu gari hili ndiyo yanayoamua kila kitu kitakachofuata. La kwanza ni alumini, ambayo nyuzi zake za boliti ni laini kuliko boliti yenyewe. La pili ni umri wa plastiki.

Nianze na plastiki, kwa kuwa ndiyo inayopuuzwa zaidi. Kila nozeli, kila koili ya plagi, kila kihisi cha joto au cha mwendo kwenye injini hii kimeunganishwa na soketi ya plastiki yenye kilimi kidogo kinachoifunga. Plastiki hiyo imekaa karibu na joto la injini kwa karibu miaka 20, imekauka kama ganda la njugu. Fundi mwenye haraka hushika waya na kuvuta. Kilimi kinakatika, soketi inatoka, kazi inasonga. Fundi mwenye mkono mzuri hufanya kitu ambacho ukitazama kwa mbali huwezi kukiona: kwanza anaisukuma soketi ndani kidogo, ili kilimi kilegee kwenye jino lililokikamata, kisha anakibonyeza kwa ncha ya kidole, ndipo anavuta kwa kushika mwili wa soketi, kamwe si waya. Ikiwa vumbi limeganda, anapuliza au anasafisha kabla ya kubonyeza. Sekunde kumi kwa kila soketi. Tofauti yake haionekani siku ile. Soketi isiyo na kilimi ukiirudisha itakaa, gari litawaka, mwenye gari atashukuru na kulipa. Baada ya wiki kadhaa za mtetemo na barabara mbovu italegea, taa ya injini itawaka kwenye dashibodi, silinda moja itaanza kukosa moto, na hapo ataanza safari ya kubadilishiwa plagi na koili ambazo hazikuwa na kosa lolote. Kwa hiyo ukiinama juu ya pango, hesabu vilimi. Kama soketi zote zina vilimi vyake, na kila moja ina kipande cha teipu ya karatasi kilichoandikwa inakokwenda, umeshapata nusu ya jibu lako.

Nusu nyingine iko kwenye boliti. Magari ya Japani hufunguliwa zaidi kwa spana namba 10, 12, 14 na 17, na fundi aliyekuja na spana 13 kwa sababu ile ya 12 imepotea tayari ametangaza namna atakavyofanya kazi. Spana iliyopwaya hulamba pembe za boliti, na boliti iliyolambwa itatolewa kwa patasi au koleo, na mara nyingine itakatikia ndani ya alumini. Chukua boliti moja uitazame karibu. Pembe sita kali, nyuzi zilizopigwa brashi, washa yake ipo: hiyo ni kazi. Kichwa kilichokuwa duara na chenye mng'ao mpya wa chuma: hilo ni jeraha, hata kama injini ilitoka kwa nusu ya muda. Kisha tazama boliti zimehifadhiwa wapi. Zile zinazoshikanisha giaboksi na injini hazina urefu mmoja. Ukiingiza ndefu kwenye tundu fupi, itagota chini kabla haijabana, na ukiilazimisha, alumini itapasuka. Ukiingiza fupi kwenye tundu refu, itashika nyuzi chache tu za juu na kuzing'oa siku ya kukaza. Ndiyo maana kopo moja la maziwa lililojaa boliti za gari zima, hata likiwa safi namna gani, ni ushahidi wa kazi mbovu. Namna iliyo bora kuliko zote haigharimu hata kopo: kifaa kikishatoka, boliti zake hurudishwa papo hapo kwenye matundu yake na kuzungushwa kwa vidole mizunguko miwili mitatu. Zile ambazo haziwezi kurudi huchomekwa kwenye kipande cha boksi kilichochorwa umbo la kifaa chenyewe.

Hapa wenye uzoefu watanipinga, na wana haki ya kusikilizwa. Watasema fundi aliyetoa injini hizi kwa miaka anajua kila boliti kwa kuigusa; teipu na maboksi ni mambo ya wanafunzi. Ni kweli kwamba mkono uliozoea una kumbukumbu yake, na sitaki kuudharau. Lakini pingamizi hilo linachukulia kwamba injini itarudi kesho, kwa mkono uleule. Mara nyingi haiwi hivyo. Bloku inapelekwa kwa watu wa lethi, inakaa foleni. Gasketi iliyonunuliwa Kariakoo si yenyewe, inatafutwa nyingine. Fedha zinaisha, mwenye gari anasubiri mwisho wa mwezi. Fundi anapata kazi mkoani. Wiki sita baadaye anakuja kijana mwingine, na kumbukumbu ya yule wa kwanza imeondoka naye. Teipu na boksi ni kwa ajili ya huyo kijana. Fundi mkubwa anayezitumia hajishushi hadhi. Anajua kazi yake itamaliziwa na nani.

Kuna waya mmoja ambao ningependa kila mwenye gari aujue kwa sura. Ni waya mnene, mara nyingi wa kusuka, unaotoka kwenye injini au giaboksi kwenda kwenye bodi ya gari. Huo ni ethi. Injini inakaa juu ya mipira, na mpira haupitishi umeme, kwa hiyo njia ya kurudi ya umeme wote wa stata ni waya huo. Ukisahauliwa wakati wa kurudisha, stata itatafuta njia nyingine: kebo ya gia, kebo ya eksileta pale ilipo, waya mwembamba wa kihisi. Nyaya hizo hazikutengenezwa kubeba mkondo mkubwa namna hiyo, na huungua. Katika kazi nzuri ethi huonekana mara moja kwenye pango, umefungwa pembeni, ncha yake imesafishwa, boliti yake ipo pamoja nao.

Jambo jingine la kutazama ni mahali injini ilipoachana na giaboksi, ikiwa giaboksi imebaki garini. Kwenye gari la otomatiki hapo pana toki konveta, lile bakuli zito la chuma lililojaa mafuta. Shingo yake ina mikato inayoingia ndani ya pampu ya mafuta ya giaboksi. Injini ikivutwa bila uangalifu, konveta hufuata mbele kidogo na kutoka kwenye pampu. Halafu siku ya kurudisha, injini inagoma kukutana na giaboksi, unabaki mwanya mdogo, na fundi asiyejua anaufunga mwanya huo kwa kukaza boliti. Pampu inasagika, na giaboksi iliyokuwa nzima inahitaji kufunguliwa. Fundi anayejua hufunga kipande cha chuma au waya mbele ya konveta mara tu injini inapoondoka, ili isisogee, na huweka tegemeo chini ya giaboksi isining'inie. Ukikuta kipande hicho, mpe heshima yake. Siku ya kurudisha, giaboksi na injini zinapaswa kugusana pande zote kwa nguvu za mikono kabla boliti hata moja haijakazwa.

Matundu yaliyoachwa wazi nayo yana ushuhuda wake. Ua wa nyumba ya pwani ni mchanga, wa bara ni vumbi, na chembe ya mchanga ni ngumu kuliko alumini na kuliko metali za beringi. Mabomba ya petroli, ya rejeta na ya haidroliki yazibwe kwa mfuko safi na mpira. Matundu ya hewa kwenye hedi yafunikwe kwa teipu pana, kwa sababu nati moja ikidondokea humo inatosha kupinda valvu. Kulanti iwe kwenye dumu lenye kifuniko, mbali na watoto, mbwa na kuku: nyingi zina ethilini glaikoli, yenye utamu unaovutia, na ni sumu inayoua figo.

Kuhusu kunyanyua kwenyewe nitakuwa mkali, maana hapa kosa halisubiri wiki sita. Inasemwa kwamba nyumbani hakuna vifaa vya gereji, kwa hiyo tusidai mengi. Nakubali kwa karibu kila kitu nilichotaja, kwani teipu, boksi, brashi na picha za simu vinapatikana uani kwa yeyote. Sikubali kwa vitu vitatu: winchi ya mnyororo iliyoandikwa uzito inaoubeba, stendi imara za chuma chini ya gari, na sakafu ngumu iliyo sawa. Tawi la mwembe halina maandishi ya uzito, na kwamba lilibeba injini mwaka jana hakusemi lolote kuhusu mchwa walioingia tangu hapo. Tofali la saruji hubeba gari vizuri hadi linapopasuka ghafla, bila kutoa ishara. Jeki peke yake ni ya kunyanyulia, haikuumbwa kushikilia gari huku mtu akiwa chini.

Tazama pia pembe ya minyororo. Mzigo wa kilo 120 ukishikwa na minyororo miwili inayokaribia kusimama wima, kila mmoja unabeba kama kilo 60. Ukitumia mnyororo mfupi, kila upande ukalala digrii 60 kutoka wima, kila mmoja sasa unabeba kilo 120 nzima, na wakati huohuo unavuta ndoano kuelekea katikati, mwelekeo ambao nyuzi za alumini haziupendi. Kipande kirefu zaidi cha mnyororo, au boriti ya chuma ya kuitanua, huondoa tatizo hilo. Tena minyororo ifungwe kwenye ndoano za kiwandani zilizopo kwenye injini, si kwenye manifoldi wala altaneta.

Petroli isijadiliwe sana: fyuzi ya pampu itolewe na injini iwashwe mpaka izime yenyewe ili presha iishe kwenye bomba, kisha betri itolewe, na jiko la mkaa lisiwe karibu, maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutambaa chini hadi ukutane na moto. Kiyoyozi kina adabu yake. Kompresa inaweza kufunguliwa boliti zake tu na kufungwa pembeni kwa waya, mabomba yakiwa mazima, bila gesi kutoka. Anayekata bomba ili gesi ipige mluzi na kuisha ameokoa dakika chache, akamtia mwenye gari gharama ya kujaza, na ameachia hewani R134a, ambayo kwa uzito uleule hunasa joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kabonidayoksaidi. Makubaliano ya kupunguza gesi za jamii hiyo yalifikiwa Kigali, mwaka 2016.

Limebaki pingamizi la muda, nalo lina nguvu kuliko yote. Mafundi wengi hulipwa kwa kazi, si kwa saa, na fundi anayemaliza mchana anaweza kushika gari la pili jioni. Ukimlipa kwa kutoa injini tu, umemlipa ili avute waya. Kosa hilo ni la mwenye gari kabla ya kuwa la fundi. Mapatano ya haki ni bei moja ya kutoa na kurudisha, sehemu yake ikilipwa injini inapotoka na sehemu kubwa zaidi ikilipwa gari likishatembea. Hapo uangalifu unakuwa na faida kwa anayeufanya, na fundi mzuri hatashindwa kwa bei na mwenzake anayevunja vilimi.

Basi, ndugu msomaji, injini ikisharudi, usikimbilie kugeuza ufunguo. Tembea na fundi wako hadi kwenye lile boksi lenye michoro. Ikibaki humo boliti hata moja, gari halijawa tayari; mwombe atafute tundu lake kwanza.