Upepo wa Mbugani

Mashariki ya Bariadi, ambako Pori la Akiba la Maswa linapakana na Serengeti, swala granti hupenda kusimama peupe, na mwindaji mwenye kibali hulazimika kumlenga kutoka mbali. Huko hata mkono usiotetemeka hautoshi. Yabidi kuukisia upepo, na hiyo ndiyo sehemu ya ulengaji ninayoistahi kuliko zote.

Chukua risasi ya milimita 7.62 na upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa, ule unaoyachezesha majani ya pamba bila kuyapumzisha. Kwa mita 300 upepo huo huisogeza risasi takriban sentimita 20, karibu shubiri nzima. Kwa swala, shubiri ni tofauti ya moyo na tumbo, ya kifo cha papo hapo na mateso ya siku mbili vichakani. Kwa mita 600 mtu angetarajia shubiri mbili. Kumbe husogea karibu mita moja, maana risasi inayopoteza kasi hucheleweshwa na hewa, na ucheleweshaji huo ndio unaoupa upepo nafasi. Mwelekeo nao una hesabu yake: upepo unaokuja kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka mstari wa kulenga bado una nusu ya nguvu ya ule wa ubavuni. Wengi huudharau, na hapo hukosea.

Wafuata nyayo hubeba kifuko cha majivu. Wakikitikisa, wanajua harufu ya binadamu inaelekea wapi. Ujuzi huo ulikuzwa kwa ajili ya pua ya mnyama, lakini anayeumiliki huyasoma pia yaliyo mbele: nyasi zilizolala kwenye mkondo mkavu, vumbi la ng'ombe kule ng'ambo, matawi ya mgunga yaliyotulia kwa kukingwa na kilima. Kati ya bunduki na swala huweza kuwapo pepo tatu tofauti.

Jua likishapanda, mazigazi husaidia. Darubini ikilengwa katikati ya safari, hewa ya moto huonekana ikitiririka upande upepo unakokwenda. Ikichemka wima, ama hakuna upepo, ama unakuja usoni au unatoka mgongoni. Upepo ukikaza, mawimbi hulala hadi yasisomeke, na mtu hurudi kwenye nyasi.

Kipima upepo cha mkononi ni chombo kizuri, lakini hupima pale tu ulipo. Hata hivyo, hapo si pa kupuuzwa: kwa nguvu ileile, upepo wa karibu na mtutu hudhuru zaidi kuliko ule wa karibu na shabaha, kwani risasi iliyopindishwa mapema huendelea kwenda pembeni njia yote iliyobaki. Kwa hiyo mlengaji hodari huanza na kipimo cha miguuni pake, akakirekebisha kwa nyasi za katikati, kisha akamuuliza mfuata nyayo kuhusu ule mgunga.