Mbwa Mkubwa wa Mombo na Upole Unaopimika

Mombo ni njia panda. Mabasi ya barabara kuu ya Dar es Salaam na Moshi husimama hapo abiria wapate kula, na hapo hapo ndipo barabara ya Soni na Lushoto inapoanza kukwea mlima. Penye migahawa na mabucha hapakosi mbwa. Hata hivyo, anayetaka mbwa wa nyumbani kwa kawaida huomba mtoto kwa jirani, akiamini kwamba mbwa hukunjwa angali mbichi. Mimi naona kinyume: kwa nyumba nyingi, mbwa mkubwa wa kienyeji aliyekwisha kuonyesha upole ndiye mwenye uhakika zaidi, mradi achukuliwe kwa utaratibu.

Ushahidi wa kwanza uko katika makuzi. John Paul Scott na John Fuller, waliochapisha matokeo ya utafiti wao Marekani mwaka 1965, walionyesha kwamba mbwa hujifunza kumzoea binadamu hasa kati ya wiki ya 3 na ya 12 ya maisha yake. Anayekosa watu wapole katika wiki hizo huwa mwoga, na mwoga ndiye aumaye. Kwa hiyo mbwa wa miaka miwili au mitatu anayewasogelea wapita njia akiwa amelegeza mwili, anayekubali kuguswa na anayetulia watoto wanapokimbia, tayari ametoa majibu ambayo kwa mtoto wa mbwa bado ni makisio. Umbo lake na kiasi anachokula navyo vinajulikana. Anayempuuza kwa kuwa ni mbwa koko asiye na mbegu akumbuke utafiti wa vinasaba wa mwaka 2009 uliohusisha mbwa wa vijijini wa Uganda, Misri na Namibia: wengi wa Uganda walikuwa na asili yao ya Kiafrika, wala hawakuwa mabaki ya mbwa wa Kizungu.

Pingamizi zito ni kichaa cha mbwa, nalo halijibiwi kwa maneno matamu. Ugonjwa huu huweza kujificha mwilini miezi miwili, mitatu au zaidi, na mnyama mgonjwa anaweza kubadilika tabia, hata akaonekana mtulivu kupita kawaida yake. Ndiyo maana upole wa siku moja si kipimo. Upimwe kwa majuma, kwa mbwa ambaye watu wa mtaa wanamfahamu. Hapo linazuka swali la umiliki, kwani mbwa wengi wanaozurura Tanzania wana wenyewe. Mwenyekiti wa kitongoji na majirani waulizwe kabla kamba haijafungwa. Kisha ofisa mifugo aitwe: chanjo mara moja, dawa ya minyoo na ya kupe, na kuhasiwa inapowezekana. Chanjo haimponyi aliyekwisha kuambukizwa, hivyo mbwa akae ndani ya ua kwa miezi kadhaa, mbali na watoto wasio na msimamizi. Akiuma mtu, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu aende hospitali siku hiyo hiyo. Hatua hizi zina faida nje ya ua pia: wataalamu wanalenga kuchanja asilimia 70 ya mbwa ili maambukizi yakatike, na mbwa wa mtaani asiye na wa kumpeleka kwenye chanjo ndiye anayeachwa nyuma.

Wapo watakaosema dini hairuhusu. Katika madhehebu ya Shafi, yenye wafuasi wengi Tanga, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo; lakini fiqhi hiyo hiyo inaruhusu mbwa wa kulinda, wa mifugo na wa kuwinda. Mbwa mkubwa anaafikiana na masharti hayo kuliko mtoto, ambaye hulamba kila kitu na hutaka kubebwa. Mkubwa hulala bandani nje na kula ugali na dagaa kwenye sahani yake. Wengine wanahofia kwamba mpole hatalinda. Kazi kubwa ya mlinzi ni kubweka mapema, na mbwa aliyezoea ua wake huzitambua nyayo ngeni bila kuwa mkali. Ukali wenyewe ndio wa kuogopwa: Shirika la Afya Duniani linasema kiasi cha asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15, na wanaopita mlangoni mwako kwenda shule ni wa umri huo.