Tarehe na Shahidi Wake

Mzee ninayemzungumzia ana chumba kimoja cha kazi huko Makindye, Kampala, upande wa kilima unaotazama ziwa. Hapachapwi vitabu pale. Ni kadi za harusi na za kwanjula (sherehe ya Kiganda ya utambulisho kabla ya harusi), ratiba za mazishi, kalenda za parokia na za msikiti. Kazi kubwa zimeteremkia mjini, Nasser Road, ambako mashine hazilali. Kwake mashine ni moja, na kompyuta ina umri wa wajukuu zake.

Kilichonifanya nivute kigoda nikae ni jambo dogo. Alikuwa akipanga kadi ya kwanjula. Akaandika tarehe, mwezi na mwaka kwa tarakimu, asiandike siku. Nikadhani kasahau. Karatasi ilipotoka, siku ilikuwamo: Jumamosi.

"Mimi siandiki siku, mwanangu," akasema. "Siku huhesabiwa."

Anatumia TeX, programu ya kupanga chapa ambayo Donald Knuth aliianza mwaka 1977, alipochukizwa na sura ya kitabu chake mwenyewe kwenye karatasi za majaribio. TeX inajua leo ni tarehe ngapi, mwezi gani, mwaka gani, hata dakika zilizopita tangu usiku wa manane. Jina la siku haina. Anayelitaka sharti alitungie makro, yaani amri ya kujitengenezea, naye atafanya kazi kwa namba nzima tu: ukigawanya, baki hutupwa, ukiitaka, uzidishe tena, kisha utoe.

Mzee alifuata kanuni ya kutafuta siku ya juma ya Christian Zeller, Mjerumani wa karne ya 19, ambaye aliihesabu Januari na Februari kuwa miezi ya 13 na 14 ya mwaka uliotangulia, ili siku ya ziada ya mwaka mrefu iangukie mkiani. Katika kanuni hiyo karne hutolewa mara mbili, na hesabu inaweza kushuka chini ya sifuri, mahali ambapo makro hupotea njia. Mzee akaacha kutoa mara mbili, akaweka kuongeza mara tano. Kwa mzunguko wa saba ni mamoja. Hakuna mteja atakayewahi kuiona kazi hiyo, naye aliifanya.

Mstari wa mwisho ndio nilioupenda kuliko yote:

\ifcase\baki Jumamosi\or Jumapili\or Jumatatu\or Jumanne\or Jumatano\or Alhamisi\or Ijumaa\fi

Amri hiyo huanza kuchagua kwenye sifuri. Zeller naye sifuri yake ni Jumamosi. Na sisi Waswahili juma letu linaanzia papo hapo: mosi, pili, tatu. Ongeza moja kwenye namba ya Mjerumani, umepata jina la siku, mpaka ufike Alhamisi na Ijumaa zilizobaki na majina ya Kiarabu. Kwa kadi za Kiganda, Mzee hupunguza moja, sifuri ikizunguka kuwa sita: Jumanne ni Lwakubiri, Jumamosi ni Lwamukaaga. Akaniwekea 9 Oktoba 1962, siku ya uhuru wa Uganda. Ikatoka tatu: Jumanne, Lwakubiri. Akaweka 12 Januari 1964, Mapinduzi ya Zanzibar. Januari ikawa mwezi wa 13 wa 1963, ikatoka moja, Jumapili. Nilikaa pale mpaka giza likaingia, nikimpa tarehe moja baada ya nyingine.

Nina sababu. Kadi za kwanjula ya binti wa dada yangu tulizichapisha kwingine. Mchapaji alichukua kadi ya watu wengine, akabadilisha majina, akabadilisha tarehe, siku akaiacha ilivyokuwa. Ikasomeka "Jumamosi, 19 Agosti 2016". Tarehe 19 ilikuwa Ijumaa. Sisi wenye shughuli tulijua ni Jumamosi, na hakuna aliyeisoma kadi mara ya pili. Mjomba wetu alikuja kutoka Masaka akiifuata tarehe. Aliingia uani na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, koti juu yake, fimbo mkononi, akawakuta wanawake wanamenya ndizi na mahema yamelala chini yamekunjwa. Hakulaumu mtu. Aliketi kwenye benchi chini ya mwembe, mikono juu ya fimbo, akisema atangoja. Jioni mgongo ulimzidi, akaomba arudishwe kwake. Jumamosi wageni walipojaa, kiti chake kilikuwa safu ya mbele, kitupu. Dada yangu hakukubali kiondolewe. Kwanjula nyingine mjomba hakuiona.

Siku na tarehe huandikwa pamoja ili moja iishuhudie nyingine. Anayenakili kadi ya jana akaiacha siku ilivyo, anamleta shahidi wa kesi nyingine. Vijana waliowahi kujifunza kwa Mzee wameondoka mmoja mmoja. Wanasema simu inatengeneza kadi kwa dakika mbili. Kweli inatengeneza. Macho yake sasa yana ukungu, na faili ile ya makro haina mrithi.

Nilipokea moja ya kadi hizo za simu, ya arobaini ya jirani: "Jumapili, 17 Februari 2024". Nikachukua kalamu na mgongo wa bahasha. Februari mwezi wa 14, mwaka 2023. Nikapata 189, nikaigawa kwa saba. Haikubaki kitu: Jumamosi. Kadi ilikuwa imepita mikono mingi kabla ya kunifikia. Nikaitazama chini kabisa, pale ambapo Mzee huweka jina lake kwa herufi ndogo. Palikuwa na ua tu.