Jumuiya za Kujifunza na Insafu Darasani

Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipoasisiwa mwaka 2002, uko mahali zikutanapo jamaa za lugha zilizo mbali kwa asili: Wairaqw na Wagorowa wasemao lugha za Kikushi, Wabarbaig wa Kinailoti, Wambugwe na Warangi wa Kibantu, hivyo mwalimu aingiapo darasa la kwanza, ambako Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia, aghalabu huwakuta watoto wasiosikilizana.

Sheria ya elimu iliyoanza kutumika Januari 1962 ilifuta utaratibu wa kikoloni wa kuwatenga wanafunzi wa Tanganyika kwa rangi, Wazungu kwao, Waasia kwao na Waafrika kwao. Lakini upendeleo mdogo mdogo, ambao hata mwenye kuutenda hautambui, hauondolewi kwa sheria wala kwa waraka. Kwa hiyo ni busara kuuchunguza mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, uliowekewa kiunzi cha kitaifa mwaka 2020, ambao humtaka mwalimu ajifunze pamoja na wenzake papo hapo shuleni, katika jumuiya za kujifunza, badala ya kungojea semina ya mbali.

Kazi yenyewe hufanywa hivi: walimu huteua jambo linalowatatiza, wakaandaa somo kwa shauri moja, mmoja akafundisha, ilhali mwenzake ameketi nyuma akiandika. Hapo nyuma ndipo ilipo faida. Mfundishaji haoni kwamba maswali yake yote yameangukia safu ya mbele, kwa wale waliokuja na Kiswahili kutoka nyumbani, wala kwamba mtoto wa Kibarbaig anayenyamaza amedhaniwa mzito, hali jibu analo kwa lugha ya mamaye. Orodha ya walioulizwa humbainishia hayo bila kumshutumu. Somo lifuatalo, swali huanza kujadiliwa wawili wawili kwa lugha waijuayo watoto, ndipo jibu litolewe kwa Kiswahili.

Sharti la yote ni kuaminiana, kwani siku daftari la mtazamaji litakapogeuzwa taarifa ya mkaguzi, kila mtu atafundisha somo la maonyesho na kuficha dosari zake. Nawasihi wakufunzi wa vyuo vyetu vya ualimu, Mamire hapa Babati kikiwamo, waanze wao kutazamana wakifundisha. Maana mwanachuo hufuata alivyofundishwa kuliko alivyoambiwa.