"Safari" ya Kiingereza si Safari Yetu

Katika zoezi la tafsiri, mwanafunzi mmoja mzaliwa wa Kigwena, kusini mwa Rumonge, aliandika kwamba mama yake yuko safarini, amekwenda Bujumbura kuuza mawese. Alipoitafsiri sentensi hiyo kwa Kiingereza, mama akawa "on safari". Sarufi haina kosa. Lakini Mwingereza akiisoma atamwona mama huyo ndani ya gari la watalii, akitazama tembo.

Lawama ni yetu walimu. Tunajivunia kwamba Kiingereza kilikopa neno letu, ila hatuelezi kilibaki na maana ipi.

Asili ya neno hili ni Kiarabu, safar. Richard Burton, aliyefika Ujiji pamoja na Speke mwezi Februari 1858, kisha akapita kwa mtumbwi sehemu ya mwambao wa Urundi, alilitumia katika kitabu chake cha mwaka 1860, The Lake Regions of Central Africa, kwa maana ya msafara wa biashara. Tena alieleza kwamba watu wa bara waliuita rugendo au lugendo. Mrundi hahitaji maelezo hapo: ndiyo urugendo wake wa leo.

Maana ilikuja kufinywa na wawindaji. Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, alipokuja kuwinda Afrika Mashariki mwaka 1909, neno lilizidi kuvuma. Baadaye bunduki ziliipisha kamera, lakini wanyama wakabaki ndani ya maana.

Kiswahili hakikufuata njia hiyo. Kwetu, mgeni anayekuja kuona wanyama katika msitu wa Kigwena yuko safarini, na mchuuzi anayepeleka ndagala sokoni Bujumbura yuko safarini vilevile. Tena twasema "safari hii" tukimaanisha mara hii, matumizi ambayo Kiingereza hakikuyachukua.

Kwa hiyo tufundishe kwamba "on safari" ni kutalii mbugani, na kwamba safari ya mama wa Kigwena kwa Kiingereza ni "trip" au "journey". Jambo hili si dogo kwa mwanafunzi wa Burundi, ambaye mara nyingi hukifikia Kiingereza baada ya Kirundi, Kifaransa na Kiswahili. Neno geni atalitafuta katika kamusi. Neno analodhani ni lake halitafuti, na hilo ndilo humpoteza.